Majivu Kwenye Kipima-jua cha Lejoeng

Namba inapofika mezani kwa 'Maneo huwa haina kwao. Inasema arobaini na moja, kisha arobaini na moja tena, kisha thelathini na nane, wala haisemi ni thelathini na nane ya nini. Inaweza kuwa sentimita za maji mtoni, unyevu wa udongo, au kasi ya upepo huko kileleni. Kazi ya 'Maneo ni kuiandikia namba hiyo maelezo yake: imepimwa na kifaa gani, kimefungwa wapi, kinaelekea upande gani, na kitu gani hukisumbua. Maelezo yakishaandikwa, kompyuta inaweza kuiweka mvua ya mlimani karibu na maji ya bondeni na kuona kwamba ni habari moja. Yasipoandikwa, ni makelele.

Ofisi iko Mokhotlong, nyumba ya mawe yenye vyumba viwili na jiko la mafuta ya taa linalonuka mwaka mzima. Wafanyakazi ni wawili. Moeketsi, fundi, hupanda milimani kufunga na kutengeneza vihisi, kama wanavyoviita vifaa hivyo. 'Maneo hukaa na kusoma. Vihisi vyenyewe vililetwa na wafadhili watatu kwa nyakati tofauti, na havisemi lugha moja. Kimoja hupima mvua kwa milimita; kingine huhesabu tu mara ngapi kikombe kidogo kimejaa na kujimwaga. 'Maneo ndiye mkalimani wao. Ana cheti cha hesabu kutoka chuo kimoja cha Maseru, sauti ya chini, na tabia ya kunyoosha karatasi ambazo hazijakunjamana.

Jina lake nalo ni maelezo yaliyokosa cha kueleza. Kwao, msichana akiolewa hupewa na wakwe jina la mtoto atakayemzaa, akaitwa mama wa mtoto huyo kabla mimba haijaingia. 'Maneo ni mama wa Neo. Neo hakuzaliwa. Mumewe, Tšeliso, alichimba dhahabu ng'ambo ya mpaka, akarudi na vumbi kwenye mapafu, akafa wakati watu wanapanda mahindi. 'Maneo alivaa kaniki ya msiba kwa muda wote uliotakiwa. Siku ya kuivua, wazee walimweleza kwamba sasa atachukuliwa na mdogo wa marehemu. Alikataa mbele ya wote, kwa adabu, macho chini. Baba mkwe wake aliinuka, akatoka kwenda zizini, na tangu hapo hakuzungumza naye tena. 'Maneo alishuka mjini na sanduku moja.

Mama mkwe, 'Matšeliso, alimtumia kitu mara moja: mfuko wa pichi zilizokaushwa, mikononi mwa dereva wa basi. Haukuwa na ujumbe. 'Maneo alizila moja moja majira yote ya baridi.

Mkwe wa kike katika milima ile hatamki jina la baba mkwe wake. Mzee anaitwa Phakoe, na kijiji kinaitwa Ha Phakoe kwa jina la babu yake, kwa hiyo kijiji nacho hakitamkiki. Wanawake walioolewa pale hukiita Lejoeng, penye jiwe. Moeketsi alipofunga vihisi uani mwa mzee na kurudi na picha, 'Maneo aliketi kuviandikia maelezo, na kwenye nafasi ya mahali akaandika Lejoeng.

"Lejoeng haipo kwenye ramani, 'm'e," Moeketsi alisema, akimwita mama kwa heshima ya kule.

"Ipo. Wewe hukuolewa kule."

"Hata kuandika? Kalamu haina mdomo."

"Yangu inao."

Ikabaki Lejoeng. Familia haikumhesabu tena, lakini heshima ya mkwe aliendelea kuitunza mahali ambapo hapakuwa na wa kuisikia.

Uani pale kuna vihisi vitatu. Kwenye ukuta wa nyumba kuna kipima-jua, kikombe cha kioo kilichofunikwa kama yai. Kwenye tangi linalokinga maji ya bati kuna kihisi cha kimo cha maji. Chini ya zizi, ndani ya udongo, kimefukiwa kihisi cha mitikisiko, kwa sababu mteremko ule uliwahi kuporomoka. Kila asubuhi 'Maneo huanza na Lejoeng, kabla ya kuvua blanketi na kabla ya kuwasha jiko. Humo huona kwamba gizani, kabla ya mapambazuko, maji ya tangi yameshuka kiasi cha ndoo moja. Jua likitoka, ardhi ya chini ya zizi hutikisika kidogo, kwa mfululizo, kisha hutulia.

Kwenye maelezo ya tangi aliandika: *Maji hushuka kabla ya alfajiri. Tangi halivuji. Mwanamke wa nyumba huchota.* Kwenye maelezo ya kihisi cha ardhi: *Mitikisiko ya asubuhi si maporomoko. Mzee hutoa ng'ombe.*

Hakuhitaji kumuuliza mtu. Mwanamume wa kule hachoti maji. Akionekana na ndoo atatungiwa wimbo kwenye kilabu cha pombe, na wimbo huo utamfuata mpaka kaburini.

Kwa hiyo kila asubuhi, macho kwenye kioo cha kompyuta, 'Maneo alisema kwa sauti ya chini, "Lumela, 'm'e," kama anavyosalimiwa mama yeyote. Alikaa chumba cha kupanga katika mstari wa vyumba vya bati, na siku nyingi hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza na ya mwisho. Moeketsi alimfuma.

"Unamsalimia nani?"

"Tangi."

"Likijibu uniite. Nitaomba mshahara uongezwe."

Agosti ni mwezi wa vumbi. Upepo hutoka kwenye mashamba matupu na kuingia mpaka kwenye unga. Jumatatu moja ya mwezi huo kompyuta ilikiwekea kipima-jua cha Lejoeng alama nyekundu: kibovu. Anga lilikuwa jeupe nchi nzima, vipima-jua vingine vyote vilikuwa juu, hiki kilikuwa nusu.

"Vumbi," Moeketsi alisema, mdomo umejaa papa, ugali wa kule. Alikuwa akila kifungua kinywa dirishani. "Nikipanda wiki ijayo nitakifuta."

"Vumbi huja polepole. Angalia hapa. Kilikuwa kizima, mara kikaanguka, na kimebaki hapohapo."

"Basi kimekufa."

"Kikifa hutoa sifuri. Hiki kinaona, ila kinaona kwa shida." Alisogeza kiti. "Huu ni mkono, abuti, ndugu yangu. Mtu amekipaka kitu."

"Nani apake kitu kwenye kipima-jua?"

'Maneo alikuwa ameshajua. Mtu akifa, wanawake wa nyumba huchukua bakuli la majivu na kuzunguka wakipaka vioo vya madirisha mpaka siku ya mazishi. Kile kikombe kilikuwa cha kioo na kilikuwa ukutani. Aliyezunguka na bakuli alikihesabu kuwa dirisha.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, mzee na mkewe. Mdogo wake Tšeliso alihamia zamani mji wa mpakani, yeye na mke wake. 'Maneo alifungua namba za tangi za asubuhi ileile. Gizani, kama siku zote, ndoo moja ilichotwa. Akafungua za ardhi. Jua lilitoka, likapanda, na ng'ombe hawakutolewa.

Mwanamke aliamka. Mwanamume hakuamka. Hesabu ilikuwa fupi, na aliirudia mara kadhaa akitafuta pa kukosea. Kisha akaenda nyuma ya ofisi akasimama kwenye upepo. Alikuwa amejiandaa miaka yote kwamba siku moja mzee atamsemesha, hata kwa kumkemea.

Aliporudi, Moeketsi alikuwa kwenye kiti chake, akisoma maelezo mapya aliyoyaacha 'Maneo: *Kioo kimepakwa majivu. Nyumba ina msiba. Kifaa ni kizima, kisiguswe.*

"Makao makuu watasema tumelewa," alisema. "Kwenye mtambo kuna kizima, kibovu na cha mashaka. Hakuna cha msiba."

"Sasa kipo."

Moeketsi alimtazama usoni, akaacha mzaha. "Ni nani?"

"Mzee. Baba mkwe wangu."

"Pole, 'm'e. Wamekuletea habari?"

Hapo ndipo palipouma. Mkwe hasomi msiba wa kwao kwenye ukuta. Hutumiwa mtu. Mjumbe hufika, huketi, hukataa chakula, kisha husema. Ambaye hakutumiwa mjumbe si wa nyumba, na akifika ataandaliwa sahani pamoja na wageni. Lakini mkwe asiyefika kabisa kwenye mazishi ya baba mkwe amejikata mwenyewe, na hakuna ng'ombe wa kuunganisha kamba hiyo. 'Maneo alikuwa na mpaka Jumamosi, siku ya mazishi kule, kuamua atakatwa na nani.

Alingoja mjumbe. Jumanne dereva wa basi la kule alipita ofisini kuomba maji ya rejeta, akapiga soga kuhusu bei ya pamba ya kondoo, akaondoka. Kila jioni ardhi ya Lejoeng ilitikisika kwa miguu mingi na kwato za farasi: watu wanakuja kwenye sala. Tangi lilishuka kwa kasi ambayo halijawahi kushuka. Palikuwa na wageni, palikuwa na masufuria, na katika makelele hayo yote ile ndoo ya alfajiri haikuonekana tena. 'Maneo alimuwazia 'Matšeliso amekalishwa kwenye godoro la wajane, katika chumba kilichoondolewa vyombo. Alijua pale kuna mtu mmoja wa kumfungulia mlango. Aliyetuma pichi hawezi kumfukuza.

Alhamisi alimwambia Moeketsi anakwenda.

"Wakikuuliza nani alikupa habari?"

"Sijui."

"Utasema, 'Nimeambiwa na mashine'?"

"Nitasema nimekuja kuzika."

Ijumaa asubuhi Moeketsi alilitoa gari la ofisi, akaandika kwenye karatasi ya safari kwamba wanakwenda kukagua kihisi kibovu.

"Si kibovu," 'Maneo alisema.

"Kwenye karatasi ni kibovu. Panda."

Alimshusha barabara inapoishia. Kutoka hapo 'Maneo alitembea, blanketi limefungwa mabegani na kitambaa kimevutwa mpaka kwenye nyusi, kama mkwe anavyopaswa kuingia. Korongo lilikuwa kavu. Kwenye mteremko wa pili alianza kuona moshi, na chini ya moshi farasi waliofungwa, na wanaume wamezunguka zizi. Hakuwatazama, mkwe hatazami zizini. Alipita moja kwa moja kwenye mlango wa nyumba kubwa, akavua viatu, akaingia ameinama na kupiga magoti penye godoro.

Kwenye godoro walikaa wanawake watatu. Katikati alikuwa Rakhali, dada wa baba mkwe, shangazi wa ukoo ambaye hakuna ndoa wala mazishi yanayokwenda bila mkono wake. 'Matšeliso hakuwepo.

"Poleni, bo-'m'e," alisema, na kwa kuwa moyo ulikuwa mbele ya akili, akaongeza: "'M'e yuko wapi? Nimsalimie."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya viazi aliacha kisu hewani.

"Yuko wapi nani?" Rakhali aliuliza.

"'M'e 'Matšeliso."

"Wewe," Rakhali alisema, "umekuja kumzika nani?"

'Maneo aligeuza kichwa. Mlango ulikuwa wazi, na safari hii alitazama zizini. Kwenye jiwe, kati ya wanaume, aliketi mzee aliyejikunja ndani ya blanketi la kijivu, amekonda kuliko alivyomwacha, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Ng'ombe walikuwa wamefungwa nyuma yake.

"Jamani, tumeona mengi," Rakhali aliwaambia wenzake. "Tumeona mkwe anayelia kwa sauti ili apewe blanketi la marehemu. Tumeona anayekuja na mwanamume mwingine. Huyu ndiye wa kwanza kuja msibani hajui aliyekufa."

"Labda alitaka kuchagua," mmoja alisema, na kicheko kilipita chumbani, kifupi, kikazimwa kwa sababu ya godoro.

'Maneo alikaa na wageni. Alipewa sahani ya wageni. Usiku mwili uliletwa kutoka mjini ukalala ndani ya nyumba, wanawake wakaimba, naye akaimba kutoka karibu na mlango, mahali pa majirani. Jumamosi asubuhi, kabla ya kushuka makaburini, kijana wa kanisa alisoma maisha ya marehemu: amezaliwa, amebatizwa, ameolewa, amezaa, ameacha mume, mwana mmoja, mkwe mmoja, wajukuu. Mkwe aliyetajwa alikuwa mke wa mdogo wake Tšeliso, mwanamke mnene mpole aliyekuwa amefika na basi la Ijumaa. Alimtupia 'Maneo jicho la haya, kana kwamba amekalia kiti cha mtu. Waliporudi kutoka kaburini, wote walinawa langoni kwenye beseni lenye vipande vya mshubiri. 'Maneo alinawa katika zamu ya wageni.

Angeweza kuondoka mchana uleule. Kilichombakiza ni kwamba Jumapili asubuhi watu wa nyumba hunyolewa nywele. Anayenyolewa ni wa marehemu. Hakuitwa kwenye mazishi, hakusomwa, lakini wembe ulikuwa bado.

Aliamka wengine wamelala, akachukua ndoo. Kazi ya maji ni ya mkwe, na hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alipozunguka kona ya nyumba alikuta mtu kwenye tangi. Alidhani ni mmoja wa wanawake, kwa sababu alikuwa na ndoo, kisha akaiona fimbo imeegemezwa ukutani.

"Nani?" mzee aliuliza.

'Maneo alishusha kitambaa usoni, akageukia pembeni, akamwita baba. "Ni mimi, ntate. 'Maneo."

Mzee hakuondoka. Alisimama na ndoo yake tupu kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Miguu imenileta yenyewe," alisema. "Kila siku nachota saa hizi. Leo nimefika hapa ndipo nimekumbuka hakuna wa kumpelekea."

"Ulikuwa unachota wewe, ntate?"

"Nani mwingine? Nyonga zilimkataa tangu mavuno ya mwaka juzi. Hakuinuka tena. Nilimwogesha, nikampikia uji, mbaya, aliunywa akinitukana." Alikohoa, na ndani ya kikohozi mlikuwa na kitu kama kicheko. "Nachota gizani ili majirani wasinione. Ningetungiwa wimbo."

'Maneo aliweka ndoo chini. "Mimi nilijua ni 'm'e."

"Ulijua vipi? Wewe uko mjini."

Alimweleza, kwa maneno machache, kuhusu kile kijiti kilichomo ndani ya tangi na namba zinazosafiri. Mzee aliligonga tangi kwa kucha, akasikiliza.

"Kumbe!" alisema. "Mimi najificha na nyota, kumbe serikali nzima inahesabu ndoo zangu."

"Si serikali, ntate. Hazisomwi na mtu. Nilikuwa naziangalia mimi peke yangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Jogoo mmoja aliwika upande wa bondeni, akaacha.

"Na hukuja," mzee alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa.

"Maji yalikuwa yanachotwa," 'Maneo alijibu. "Nikasema, basi 'm'e ni mzima. Yupo kwenye miguu yake. Nilikuwa namsalimia."

"Yeye ndiye alikuwa anakuulizia. Nikirudi na ndoo: 'Yule mtoto wa watu, hujasikia habari zake huko barabarani?' Nikamwambia, kama ana habari atazileta mwenyewe. Nilikuwa bado na hasira." Aliichukua fimbo. "Jaza hiyo. Kuna watu watataka chai."

Jua lilipotoka, Rakhali aliweka kiti uani, akafungua wembe. Wajukuu walitangulia, wakilia na kupigwa vibao vya mgongoni. Akafuata mwana, akafuata mke wake. Walifuata binamu na watoto wa binamu. 'Maneo alikuwa kwenye masufuria, mgongo umewaelekea, akisugua sufuria moja tangu wembe ulipoanza. Alisikia kiti kikitolewa. Alisikia maji ya nywele yakimwagwa.

"Rakhali," mzee aliita kutoka kwenye jiwe lake. "Umebakiza kichwa."

"Kichwa gani? Nimemaliza."

"Hesabu ilikushinda tangu shule. Kile kwenye masufuria."

"Huyo hakuitwa, ntate."

"Hakuitwa, akaja. Ninyi mliitwa, na wengine nawajua mlifika nyama imeiva."

Wanaume walicheka. Rakhali hakucheka. "Alikuja hajui hata anamzika nani!"

"Mimi mwenyewe nilidhani nitatangulia," mzee alisema. "Nyoa."

Rakhali alinyoa vibaya, kwa makusudi, akiacha vichaka nyuma ya masikio na kumkwaruza mahali pawili. 'Maneo aliweka mikono mapajani. Mke wa shemeji yake alikuja na kitambaa chenye maji moto akamfuta shingo bila kuambiwa.

Jioni ile mwana na mkewe walirudi mpakani. Rakhali alirudi kwake ng'ambo ya korongo. Mzee alikataa kwenda na yeyote kati yao, kwa sababu ya ng'ombe. Alimwambia 'Maneo naye ashuke. "Kazi isikungoje. Mimi uji najua."

Ofisini alivaa kofia ya sufu. Moeketsi aliitazama, akaelewa, akaenda kuchemsha chai. Alama nyekundu ilikuwa imeondoka; kipima-jua cha Lejoeng kilikuwa kimefutwa na mtu wa nyumba na kilikuwa kikiona kama vingine. 'Maneo alifungua maelezo ya tangi, akafuta yale maneno ya mwanamke wa nyumba. Akaandika kwamba hadi Agosti mzee alimchotea mkewe mgonjwa, na kwamba kuanzia hapo nyakati za kuchota hazijulikani. Na kweli hazikujulikana. Alfajiri tangi lilitulia. Siku nyingine maji yalishuka adhuhuri, siku nyingine jioni, kidogo, kiasi cha birika. Ardhi ya zizini ilitikisika jua likiwa limeshapanda. Aliacha kusalimia.

Mwishoni mwa Septemba tangi halikushuka siku nzima, wala siku iliyofuata.

"Kihisi kimekwama," Moeketsi alisema. "Au mzee amesafiri. Au..."

"Usimalizie."

"Niandike nini?"

"Usiandike kitu." Alikuwa ameshachukua blanketi.

Alikodi farasi barabara inapoishia. Alimkuta mzee kwenye ukuta wa nyuma, penye jua, akishona hatamu. Aliinua macho akamwona, akarudisha macho kwenye sindano.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, ntate. Maji hayajachotwa."

"Ah." Alivuta uzi. "Nimekunywa maziwa. Kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja ni kazi. Unakaa unautazama."

'Maneo alichota ndoo, akawasha moto, akasonga papa na kuchemsha mboga alizozikuta zimenyauka bustanini. Walikula nje, yeye upande mmoja wa mlango na mzee upande mwingine, hawatazamani, kama mila inavyotaka. Mzee alisema mvua zitachelewa. 'Maneo alisema namba za udongo zinasema hivyohivyo. Mwenye farasi alipopiga mluzi kutoka ng'ambo ya korongo, aliinuka na kuosha sahani.

"Jumamosi ijayo?" mzee aliuuliza ukuta wa mbele yake.

"Nikipata farasi, ntate."

Alipata, Jumamosi nyingi. Si zote.